Tiki Yenye Mkia

Nimesikia majina yenu yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na wiki ijayo mtakusanywa ukumbini, mpewe soda na kitabu cha maelekezo, kisha mle kiapo cha kutunza siri. Hongereni. Wawili kati yenu mlipita hapa kwangu Ruhuwiko mkaniomba niwape uzoefu, kwa kuwa nimesimamia vituo vya kupigia kura tangu enzi za chama kimoja hadi hizi mashine za alama za vidole. Niliwajibu kwamba nitawaandikia. Sikutaka kusema mbele yenu kwa sababu kuna sehemu ambayo ningeshindwa kuimaliza, na mzee wa umri wangu akilia mbele ya vijana, vijana hawajui watazame wapi.

Kwa hiyo someni taratibu. Mtapata humu namna ya kulikagua sanduku na namna ya kuishi na wakala mkorofi. Mtapata pia jinsi nilivyompoteza kaka yangu wa tumbo moja kwa sababu ya karatasi moja ya kura, nikijua ni ya nani, na nikiwa nimeapa kutosema.

Kata yenyewe ni Lihwela, kule kwetu kando ya Ziwa Nyasa. Msiitafute kwenye simu zenu, imeshagawanywa na kubadilishwa jina. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale, na zamani walimu ndio tuliochukuliwa kusimamia kura. Tulijua kusoma, tulikuwa na madarasa yenye milango inayofungwa, na mshahara wetu ulitoka serikalini, kwa hiyo hatukuwa na ubavu wa kukataa.

Lihwela ilikuwa na pande mbili, ufukoni na mlimani. Ufukoni tuliishi kwa usipa na muhogo, mlimani kwa mahindi na maharage. Mtu wa upande wenu akigombea mnampa, hata kama jana mlikuwa mnamsema kilabuni. Sisi wa ufukoni tulikuwa wengi kidogo, lakini siku ya kura ikiangukia siku ya usipa mwingi, wanaume wanakuwa majini na mlima unashinda. Nimeona diwani akipatikana kwa sababu samaki waliingia asubuhi. Wasomi wakija kuuliza walijibiwa habari za sera, na wao wakaandika sera.

Enzi hizo wagombea walikuwa wawili wa chama hicho hicho. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate pa kushika. Mzee mmoja wa ufukoni aliniuliza mbona hawakuweka mtumbwi. Nikamweleza kwamba jembe na nyumba vinamhusu kila mwananchi. Akaniambia jembe lake limeliwa na kutu tangu mkewe afariki, na nyumba yake inavuja, kwa hiyo hana wa kumpigia. Nilidhani ananitania, kumbe kweli, aligeuka akarudi kwake.

Kwa upande wa rais kulikuwa na picha ya mgombea mmoja, na pembeni yake kivuli cheusi kisicho na uso. Ukimkubali unatia alama kwenye picha, ukimkataa unatia kwenye kivuli. Bibi mmoja alitoka kituoni akitangaza mbele ya foleni nzima kwamba yeye amemheshimu mzee, hakumchora usoni, ameichora ile kaniki nyeusi. Wakala alitaka kucheka, mimi nilitaka kulia. Bibi alikwenda zake ameridhika, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia alichofanya. Hapo ndipo mtaanza kuielewa kazi hii. Mtayajua mambo ya watu ambayo wenyewe hawayajui, na mtanyamaza.

Sasa nisije nikasahau ya kazi. Sanduku mlionyeshe likiwa tupu, na msionyeshe kwa kuinua mfuniko tu kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Ligeuzeni juu chini, lipigeni matakoni, kila wakala atie mkono wake ndani. Wakala akipapasa mwenyewe, jioni hana pa kuanzia uongo. Kituturi cha kupigia kura kiwekeni mgongo wake ukutani, mbali na dirisha. Mwaka mmoja nilikijenga kwa matete na khanga kuukuu, upepo wa ziwani ukaipeperusha ile khanga wakati mama mchungaji yuko ndani ameinama na kalamu. Foleni yote ikaona. Kuanzia siku hiyo mumewe alijua, na waumini wakajua kwamba amejua.

Wakala mkorofi mpeni kiti kizuri na mwiteni mheshimiwa. Anayesimama ndiye mwenye kelele. Na wino wa kidoleni msiupake kwa huruma, upakeni mpaka kwenye mzizi wa ukucha, maana kuna watu wanajua kuung'oa kwa utomvu wa papai. Sijui nani aliwafundisha, lakini kila kijiji kinaye mtaalamu wake.

Haya, nimezunguka vya kutosha.

Kaka yangu Gaudensi alikuwa fundi wa mitumbwi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa watoto wawili waliofia utotoni, kwa hiyo tulikuwa mbali kwa umri na karibu kwa kila kitu kingine. Yeye ndiye aliyechonga mitumbwi ikanilipia karo nikawa mwalimu. Sauti yake ilisikika tangu ufukoni hadi shuleni, na watu walimpenda kwa sababu alidai haki zao hata pale ambapo hawakumtuma. Alipotangaza kugombea udiwani hakuna aliyeshangaa. Alipewa alama ya nyumba. Mpinzani wake alikuwa Bwana Erasto wa mlimani, mkulima mpole sana, na yeye akapewa jembe.

Semina yetu ilifanyika Mbinga. Afisa aliyetufundisha alituuliza kama kuna mtu ana ndugu anayegombea, ainue mkono ahamishiwe kituo kingine. Sikuinua. Nilijiambia kwamba kituo kingine kiko mlimani, mwendo wa siku nzima, na goti langu bovu. Lakini huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Ukweli ni kwamba nilitaka niwepo pale siku kaka yangu anaposhinda. Hilo ndilo kosa langu, na ningeambiwa nichague kosa moja la maisha yangu lifutwe, ningechagua hilo na kuyaacha mengine yote yalivyo.

Baada ya kuapa mbele ya hakimu nikarudi Lihwela nikiwa nimejaa sheria. Gaudensi aliniomba nimtajie habari zake kidogo kwa wazazi wa wanafunzi. Nikamwambia siruhusiwi. Alicheka, akanipiga begani, akasema serikali imemgeuza mdogo wake kuwa mkoloni. Hakukasirika hata kidogo. Hayo yalikuja kukumbukwa baadaye.

Siku hizi sheria inasema asiyeona au asiyejua kusoma aje na mtu wake anayemwamini amsaidie, na nyie wasimamizi msiguse karatasi yake. Shikeni sheria hiyo kwa mikono miwili. Sisi wakati wetu msimamizi ndiye aliyemwandikia. Unaingia naye kituturini, anakunong'oneza, unatia alama anayoitaka, mnakunja, anatumbukiza mwenyewe. Siku ile niliwaandikia wazee wanne. Watatu walikuja asubuhi mmoja baada ya mwingine, na wote watatu walisema nyumba.

Wa nne alikuwa mama yetu. Alikuja jua likiwa limepanda, akiwa ameshika ubao wa mlango kwa mkono mmoja, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga jicho moja na la pili alikuwa analinyemelea. Alivaa nguo yake ya kanisani. Watu kwenye foleni walimpisha, wengine wakimpongeza tayari kama mama wa diwani. Mawakala wote wawili walisema asaidiwe, hakuna pingamizi. Nikamshika mkono tukaingia.

Nilifungua karatasi, nikaweka kalamu juu ya nyumba bila hata kumngoja aseme. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Tia kwenye jembe."

Nilidhani amechanganya. Na hapa nilivunja sheria, maana msimamizi haruhusiwi kumshauri mtu. Nikamwambia, "Amayi, kaka ni nyumba."

"Najua nyumba ni ya nani. Baba yenu waliniambia wanampa cheo, wakamchukua kwa mikutano, Mbinga, Songea, Mbinga, Songea. Wakanirudishia amefungwa shuka la hospitali. Huyu simtoi. Tia kwenye jembe, usiniongeleshe."

Alisema kweli kuhusu baba. Alikuwa katibu wa kijiji, na lori lililompeleka mkutanoni lilipinduka kwenye kona za Mbinga. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu lile shuka lilikuwa na maandishi mekundu pembeni.

Nilisimama na kalamu mkononi. Vijana, nawaambia jambo ambalo semina haitawaambia. Mama hakuwa anaona kilichomo kwenye karatasi. Ningetia alama kwenye nyumba, angetumbukiza mwenyewe, angerudi nyumbani akiamini ametimiza lake, na duniani asingejua mtu mwingine zaidi yangu. Kaka yangu alinisomesha kwa shoka na tezo. Nilifikiri yote hayo kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikatia kwenye jembe, kwa sababu kura ilikuwa yake na si yangu.

Nilitia kwa mkono wangu niliouzoea. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka mingi ana tiki yake, na yangu ilikuwa na mkia mrefu unaopinda mwishoni kama ndoano. Watoto wa Lihwela wote waliijua. Sikulifikiria hilo.

Kesho yake asubuhi matokeo ya vituo vyote vya kata yalijumlishwa kwenye ofisi ya kata. Bwana Erasto alikuwa na kura moja zaidi. Kura moja. Na mjue kwamba kura moja ikihama inahesabika mara mbili, inapungua kule na kuongezeka huku. Karatasi moja ingekuwa upande mwingine, kaka yangu angekuwa diwani.

Gaudensi aliomba zihesabiwe upya, na ilikuwa haki yake. Tulizihesabu mara tatu, mchana kweupe, madirisha yako wazi, yeye mwenyewe akiwa amesimama karibu na meza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinua karatasi za kituo changu, moja moja, na kuzionyesha. Tiki yenye mkia ilitokea kwenye nyumba. Ikatokea tena, na tena, na tena. Mara nne. Kisha ikatokea kwenye jembe. Niliiinua kama nilivyoinua nyingine zote, lakini kaka yangu alikuwa fundi, macho yake yalizoea kuona mstari uliopinda kwa unene wa unywele. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Raundi ya pili na ya tatu hakuitazama karatasi tena, alinitazama mimi tu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Tiki za mkono wangu ni tano, yaani wazee wanne niliowaandikia na mimi mwenyewe niliyepiga kura pale pale. Wiki ile alikwenda kwa wale wazee watatu, nyumba kwa nyumba, akawauliza. Wote wakamwapia kwamba walisema nyumba, na walisema kweli. Tukabaki wawili, mimi na mama. Kwa mama hakwenda kuuliza. Nani anamwuliza mama yake jambo kama hilo?

Alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa wanacheza, kwa hiyo tulisimama nyuma ya choo cha walimu, mahali pasipo na heshima yoyote. Akaniuliza, "Ile karatasi ya jembe ni yako?"

"Nimeapa, achimwene. Siwezi kusema neno juu ya karatasi yoyote ile."

"Basi umeshasema," akanijibu, akaondoka.

Achimwene ndivyo tunavyomwita kaka kwa Kinyasa chetu. Nilimwita hivyo maisha yangu yote, na kuanzia siku ile yeye aliniita Mwalimu.

Mama alisikia habari ya ile kura moja kama kila mtu alivyosikia. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa jikoni na hajawasha moto. Aliniuliza kama ni ile yake. Nikamdanganya kwamba kura zikiingia sandukuni zinakuwa za wote, hakuna ya mtu mmoja. Alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto akisoma vibaya. Akasema tu nisimwambie Gaudensi. Nikamwahidi, na hapo nikawa na viapo viwili juu ya karatasi moja.

Haukupita muda kaka yangu akauza shoka, tezo na mtumbwi aliokuwa hajaumaliza, akahama. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo mtu wa nyumbani kwake amemla. Alikwenda Tunduru, akapata shamba Namasakata, akawa mkulima wa korosho. Mama alipiga ile kura ili mwanawe asichukuliwe. Sijawahi kuona kura iliyotekelezwa kinyume namna ile, na nimeona nyingi.

Siku hizi mnasafiri kwa lami kutoka Songea hadi Tunduru mkiwa mnasinzia. Zamani barabara ile ilikuwa adhabu. Mama alikuwa akifunga usipa mkavu kwenye kiroba kidogo, akinipa nimtafutie msafiri, na kiroba kinakwenda Mbinga, kinakuja Songea, kinalala Namtumbo kikingoja lori, kinafika Namasakata baada ya wiki kikiwa kimemnukia kila abiria. Gaudensi alipokea. Alituma salamu kwa mama kila mara. Kuja hakuja. Kila mgeni aliyetoka upande ule, mama alimpapasa mikono kwanza kabla ya kumwuliza jina.

Miaka ikaenda. Vyama vikawa vingi, na Lihwela ikajifunza ugomvi mpya. Zamani ufuko na mlima viligombana wiki moja kisha vikazikana kama kawaida. Vilipokuja vyama na bendera, nikaona watu wa mji mmoja wanaacha kwenda msibani kwa mwenzao kwa sababu ya rangi ya fulana. Nikaona pilau ikipikwa kwa watu ambao baada ya hapo hawakumwona mpishi miaka mitano. Baadaye zikaja mashine za kuandikisha, na mashine ikawakataa wanawake wa ufukoni, maana vidole vyao vimelika kwa kumenya muhogo na kuvuta kamba za nyavu. Mama mmoja aliniuliza kama serikali imegundua kwamba yeye si mtu. Nilimpaka mafuta ya nazi kidoleni, nikamfuta kwa kitambaa chenye unyevu, tukajaribu mara nane. Wekeni mafuta na kitambaa mezani, kitabu chenu hakitawaambia. Na miaka ya mwisho niliyosimamia, nilikaa kituoni asubuhi nzima nikitazama foleni fupi ya wazee, vijana wako vijiweni wanatazama mpira. Nilikumbuka ile kura moja nikatamani kuwapigia kelele. Lakini ningewaambia nini?

Wakati mmoja niliamua kumwambia. Mama alikuwa ameshapofuka macho yote mawili, na alikuwa ameanza kumwita Gaudensi hata akiwa anazungumza na mimi. Nikaona kiapo cha hakimu hakiwezi kuwa kikubwa kuliko hili. Wakati wa likizo nikapanda lori kwenda Tunduru. Tulikwama kwenye tope mbele ya Namtumbo siku nzima, na siku nzima nilikaa kando ya shamba la tumbaku la watu nikijizoeza maneno. Nilisema polepole kama ninavyowafundisha watoto kusoma kwa sauti. Mama ndiye. Hakutaka uondoke. Alikupenda.

Nilifika Namasakata nikakuta kaka yangu amezeeka vizuri. Alikuwa ameoa huko kwa Wayao, ana binti anayeitwa Salima, ana miti ya korosho iliyopandwa kwa mstari ulionyooka, ufundi ule ule. Alinipokea kama mgeni. Hapo ndipo nilipoumia zaidi kuliko kama angenifukuza. Alichinja kuku, akanitandikia mkeka mpya, akamwambia Salima anisalimie. Binti akapiga magoti akaniambia, "Shikamoo, baba mdogo." Kaka yangu alisema, "Mletee Mwalimu maji ya kunawa."

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha moja tu, ya mama, ile aliyopigwa kanisani zamani macho yake yakiwa mazima. Nilipoitazama sana, Gaudensi naye akaitazama. Akasema, "Lihwela nzima walinipa kura wakitaka kitu. Yule peke yake alinipa bila kutaka kitu. Siku nyingine nikiamka vibaya, huwa nakumbuka hilo."

Yale maneno yangu ya Namtumbo yalikuwa yameshafika kwenye meno. Nikayameza. Nikaona kama nikisema, namwondolea uchungu mmoja namtia mwingine usio na dawa, maana mdogo mtu unaweza kumwacha ukaendelea kuishi, lakini mama unamwachia wapi?

Nikasema, "Achimwene, ile karatasi ya jembe ilikuwa yangu."

Hakushtuka. Alinisogezea bakuli la mchuzi. "Nilijua," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Nilirudi Lihwela nikamkuta mama amekaa mlangoni. Akaniuliza kama nimemwambia. Nikasema hapana. Akaniuliza kama anakuja. Nikasema korosho zikiisha. Korosho ziliisha, zikaja nyingine, zikaisha. Mama alifariki wakati wa mvua, barabara zimekatika, na Gaudensi alifika siku ya pili ya msiba amelowa tope mpaka magotini. Tulikuwa tumemngoja kuzika. Alifanya kila kitu anachotakiwa kufanya mtoto mkubwa. Aliingia kaburini kumpokea, akamlaza, akamnyoosha sanda kwa vidole vyake vya fundi. Sisi wengine tulishika kamba. Alipotoka nilimpa mkono nimvute, akashika mkono wa Bwana Erasto aliyekuwa amesimama pembeni yangu.

Mimi sikulia pale kaburini. Nililia shuleni, nikiwa peke yangu darasani, siku watoto wamefunga shule. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa mama, Mungu anisamehe, aliyetuachia mzigo akaenda kulala.

Najua mnachojiuliza. Mnajiuliza kama sasa hivi sijavunja kiapo. Nimevunja. Kile kiapo hakikuandikwa mwisho wake, na mtu ninayemwandika amekufa, na aliyeumizwa naye amekufa. Nimebaki mimi na ugonjwa wa sukari. Nimeona afadhali mnione nikivunja kiapo kuliko mwende kuapa mkidhani ni maneno ya kutimiza kabla ya soda.

Gaudensi alipougua mara ya mwisho sikuarifiwa. Nilikuwa hapa hapa Ruhuwiko, nachambua maharage na mke wangu, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa Salima, sasa ni mama wa watoto wake. Alinisalimia, akasema baba anataka kusema na mimi, nisubiri amshikie simu sikioni. Nikasikia pumzi. Ile sauti iliyokuwa ikisikika tangu ufukoni hadi shuleni ilikuwa haifiki hata kwenye simu.

"Mdogo wangu," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ya hesabu. "Ile kura nimekusamehe. Sitaki kwenda nayo."

Mama alikuwa hayupo tena wa kuaibika. Niliweza kusema. Neno moja tu lingenirudishia heshima yangu kwa kaka yangu, kwa dakika zile chache zilizobaki, na nilililia neno hilo miaka yote. Mke wangu aliacha maharage akanitazama.

Nikasema, "Asante, achimwene."

Akaniuliza kama goti bado linanisumbua. Nikamwambia ndiyo, hasa wakati wa baridi. Akasema nilichue kwa mafuta ya korosho, atamwambia Salima anitumie. Kisha simu ikakatika, na kabla ya Ijumaa walikuwa wameshamzika.

Salima alinitumia chupa ya mafuta na ujumbe kwamba baba yake alipomaliza kuzungumza na mimi alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu augue. Alishukuru kwamba tumemaliza yetu. Nilimjibu kwamba ndiyo, tumemaliza. Nilisamehewa kosa ambalo sikulifanya, nikalipokea, kwa sababu kama ningelikataa kaka yangu angekufa siku ile akiwa hana mama.